Barua ya wazi: Lita ya mafuta ya kijijini nayo inalipa tozo ya barabara

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Fedha, Mheshimiwa Waziri wa Ujenzi, Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya TAMISEMI, Wajumbe wa Bodi ya Mfuko wa Barabara, na Waheshimiwa Wabunge.

Waheshimiwa,

Shikamooni, na poleni na majukumu ya taifa.

Mimi ni mama wa biashara ya mboga. Nanunua kabichi, karoti, nyanya na hoho vijijini huku Milima ya Usambara, naziteremsha mpaka Mombo, na kutoka hapo zinapanda Fuso kwenda masoko ya Dar es Salaam. Kazi hii nimeifanya miaka kumi na tisa. Imenisomeshea watoto watatu. Kwa hiyo ninapozungumza barabara, nazungumza kitu ninachokikanyaga kila wiki, na naomba mnisikilize kwa uzito huo.

Safari yangu moja hupita barabara za namna tatu. Naanzia kijijini kwenye barabara ya udongo, kilomita kumi na moja hadi gulioni. Hiyo kwa Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 inahesabiwa kuwa barabara ya wilaya. Baadaye naikuta barabara ya mkoa, na pale Mombo naingia barabara kuu inayotoka Arusha na Moshi kuelekea Segera na Chalinze. Gari linalokwenda Dar es Salaam husafiri kilomita mia tatu na ushee kwa usiku mmoja, na asubuhi mboga iko sokoni. Zile kumi na moja za mwanzo ndizo zinazonila. Kiangazi nazimaliza kwa dakika arobaini. Masika yakikolea zinaweza kunichukua siku nzima, na zipo siku hazipitiki kabisa.

Sasa niwaeleze habari ya chupa.

Kijijini kwetu hakuna kituo cha mafuta. Petroli inapanda mlima kwenye dumu la lita ishirini lililofungwa nyuma ya bodaboda, halafu inapimwa kwenye chupa za maji za lita moja na kupangwa juu ya meza ya mbao mbele ya duka. Ukiziona juani utadhani ni chai ya rangi isiyokolea. Kijana wa boda akichukua chupa moja, analipa tozo ya barabara iliyomo kwenye bei ya kila lita, ileile anayolipa mwenye gari la kifahari mjini, bila kupungua senti, kisha anaongeza mia tano au mia sita ya mwenye meza aliyehangaika kuyapandisha. Hapo hatujazungumza shimo wala tope.

Boda ninayefanya naye kazi nimemuuliza mara nyingi, na majibu yake hayabadiliki. Kiangazi lita moja inampeleka gulioni na kumrudisha mara mbili. Masika lita hiyohiyo inampeleka na kumrudisha mara moja tu, maana anapanda kwa gia ya kwanza, anazunguka makorongo, na kuna mahali anashuka kusukuma huku injini inanguruma. Barabara ni ileile, abiria ni yuleyule, lakini kwa kila kilomita tozo anayowapelekea imekuwa mara mbili. Waheshimiwa, hili ndilo lililonifanya nishike kalamu. Kwa namna Mfuko wetu wa Barabara, unaopokea tozo hiyo, ulivyokaa, anayepita barabara mbovu anachangia zaidi kwa kila kilomita kuliko anayepita lami. Fedha hizo zikishafika kwenye mfuko na kugawanywa, barabara yake ndiyo inayopata fungu dogo.

Mfuko wa Barabara ni kitu chema, sitaki nieleweke vinginevyo. Uliwekwa kwa marekebisho ya mwaka 1998 kwenye Sheria ya Tozo za Barabara na Mafuta, na Bodi yake ikaanza kazi mwaka 2000. Wazo lilikuwa kwamba mtumiaji wa barabara ndiye ailipie kila anapojaza mafuta, na fedha hiyo iwe na sanduku lake. Sheria ikatamka wazi kwamba angalau asilimia 90 iende kwenye matengenezo na ukarabati wa dharura. Nchi nyingi zinatamani kuwa na sheria kama hiyo.

Penye shida ni kwenye kugawa. Kwa miaka mingi mgawo umekuwa asilimia 70 kwa barabara za kitaifa, yaani barabara kuu na za mikoa zilizo chini ya TANROADS, wakala wa barabara za kitaifa, na asilimia 30 kwa barabara za wilaya. TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, ilipozaliwa Julai 2017 haikukuta mtu aliyekaa akapima upya mahitaji yake. Ilirithi ile 30 iliyokuwa ikienda halmashauri. Leo TARURA inatunza mtandao unaozidi kilomita 144,000, na TANROADS inatunza kilomita 37,000 hivi. Kati ya kila kilomita tano za barabara za nchi hii, nne ni za wilaya.

Nimepiga hesabu kwa kalkuleta ya simu, nikarudia mara tatu kwa sababu sikuamini. Kwa mgawo wa 70 kwa 30, kilomita moja ya barabara ya wilaya ikipata shilingi moja, kilomita moja ya barabara ya kitaifa inapata shilingi tisa na ushee.

Najua mtakalonijibu, na ni jibu la haki. Barabara kuu inabeba mzigo mzito. Mhandisi mmoja mstaafu aliwahi kunielimisha tukiwa kwenye Coaster: ekseli ya lori ikibeba uzito mara mbili, uharibifu wa barabara haupandi mara mbili, unapanda karibu mara kumi na sita. Ndiyo maana tuna mizani, na ndiyo maana Jumuiya ya Afrika Mashariki ilitunga sheria ya udhibiti wa uzito wa magari mwaka 2016. Malori ya shaba na saruji yanayopita kwenda na kutoka Tunduma na Rusumo, yakihudumia Zambia, Kongo, Rwanda na Burundi, yanaisaga lami usiku na mchana. Barabara hizo zikifa, bandari nayo inakufa, na mboga zangu haziendi popote. Sidai fedha zigawanywe kwa kuhesabu kilomita. Anayedai hivyo hajawahi kusimama pembeni ya barabara kuu usiku akahesabu malori.

Hata hivyo tisa kwa moja haitokani na uzito wa malori peke yake. Imetokana na mazoea. Barabara kuu ikitaka kujengwa upya, ina milango mingi ya kubisha: Hazina, Benki ya Maendeleo ya Afrika, Benki ya Dunia. Barabara ya wilaya imepata mradi mmoja mmoja wa namna hiyo, katika wilaya chache. Zilizobaki zinaishi kwa ile 30. Mlango huo ukiwa mwembamba, hakuna mwingine wa kukimbilia.

Aprili ya mwaka juzi nilipakia matenga sitini na mawili ya nyanya kwenye kirikuu mbili, zile pikapu ndogo. Katikati ya safari kuna kijito ambacho kiangazi mtoto anakiruka. Pale palikuwa na kalavati la bomba la zege, moja tu, lililowekwa miaka mingi iliyopita. Lilishaziba kwa matawi na mawe, maji yakapita juu yake, yakala udongo wa upande wa chini kidogo kidogo, mvua kwa mvua. Kila aliyepita aliona. Usiku ule tulipofika, bomba lilikuwa limelala korongoni kama gogo, na mahali pa barabara palikuwa na pengo la hatua saba hivi. Ilikuwa saa mbili usiku, mvua inanyesha.

Tuliwaamsha watu wa kitongoji cha jirani. Wanaume walishuka majini wakapanga mstari, tenga likapita kichwa kwa kichwa mpaka ng'ambo, na ng'ambo hakukuwa na gari. Tulifunika matenga kwa maturubai na migomba. Fuso la Mombo lilisubiri mpaka saa nane, likaondoka, kwa sababu dereva naye ana soko lake la kuwahi. Gari jingine lilipatikana keshokutwa yake. Nyanya ya Usambara ikilowa na kukandamizwa siku mbili, unaanza kuisikia kabla ya kuiona. Niliuza matenga kumi na manane kwa bei ya kutupa, mengine nikayamwaga. Wakulima wanne walikuwa wananidai. Niliwalipa kwa miezi mitano.

Silaumu mtu kwa usiku ule, na wala simtaji mtu. Mhandisi niliyemwendea baadaye alinipokea vizuri, akafungua daftari, akanionyesha barabara zote anazozitunza na fedha ya mwaka mzima. Alikuwa na orodha ya makalavati yaliyokufa yenye kurasa mbili. Akaniuliza, "Mama, ungekuwa wewe ungeanza na lipi?" Sikuwa na jibu. Nimeliwaza swali lile mpaka leo.

Lile kalavati lingezibuliwa kwa wakati, kazi ilikuwa ya vijana wanne, majembe, na siku moja. Lilipoanguka kikatakiwa kifusi, zege, mtambo na mkandarasi. Barabara za udongo na changarawe hufa hivyo. Mtaro ukiziba, maji yanapanda barabarani. Yakipanda, yanaondoka na changarawe. Changarawe ikiisha, greda linakuja kuchonga udongo mtupu. Mwaka mmoja greda lilipita kwetu mwezi Novemba, vuli imeshaanza. Likakwangua vizuri, likaacha tuta la udongo pembeni kwa urefu wote, maji yakakosa pa kutokea, yakageuza barabara kuwa mto. Kabla ya Krismasi hapakuwa na dalili kwamba greda liliwahi kupita. Fedha ilitumika, na kwenye taarifa bila shaka imeandikwa kilomita zimetengenezwa.

Hapo naomba niseme kuhusu majira, kwa sababu ni jambo ambalo halihitaji hata kuongeza fedha. Mwaka wa fedha unaanza Julai mosi. Huku kwetu Julai mpaka Septemba ndiyo miezi mikavu, udongo unashindilika, zege linakauka vizuri, mitambo inapanda mlima bila kuteleza. Lakini hiyo ndiyo miezi ya kusubiri: fedha haijashuka, zabuni ndiyo kwanza inaingizwa kwenye NeST, mfumo wa mtandaoni wa manunuzi ya Serikali, mikataba inatafuta saini. Mkandarasi anafika na mvua ya kwanza. Mkiweza kuruhusu zabuni za matengenezo ya kawaida zikamilike kabla ya Juni, na robo ya kwanza ya fedha za wilaya zenye milima na mvua nyingi ishuke Julai bila kuchelewa, fedha hiyohiyo itafanya kazi kubwa zaidi. Kumwaga changarawe kwenye tope ni kuizika.

Serikali yetu inajua kuwahi inapotaka. Mei 2024, wakati wa mvua za Kimbunga Hidaya, barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi ilikatika maeneo ya Somanga, mikoa ya kusini ikatengana na nchi. Viongozi walihamia kule, mitambo ikafanya kazi usiku na mchana, na ndani ya siku chache magari yakaanza kupita. Nilifuatilia kwenye redio na nilijivunia. Nilijua pia kwamba msimu ule wa mvua, zile zilizoanzia El Nino ya mwishoni mwa 2023, kulikuwa na vijiji vimekatika kwa majuma bila hata kutajwa, kwa sababu barabara yao haina malori ya kupanga foleni. Mtu wa Somanga alistahili kila alichofanyiwa. Mtu wa kijijini kwetu naye ni mtu.

Nawashukuru kwa hatua ya mwaka 2021. Mliongeza shilingi 100 kwa kila lita ya petroli na dizeli kwa ajili ya barabara za vijijini na mijini, na mwaka huohuo Serikali ikatoa shilingi milioni 500 kwa kila jimbo la uchaguzi. Ilionekana. Kuna maeneo ya huku mlimani yaliyopata makalavati mapya kwa fedha hizo. Lakini angalieni jinsi ilivyogawanywa: kila jimbo sawa. Jimbo la tambarare, ambako greda likipita barabara inakaa miaka miwili, lilipata sawa na jimbo la milimani ambako kila kilomita ina kona, ukuta wa kuzuia udongo na vijito vitatu. Mama mwenye watoto wanne, mmoja mgonjwa, hagawi dawa sawa kwa wote. Tena shilingi 100 ile iliongezwa juu ya mafuta, hivyo kijana wa chupa naye aliichangia. Ule mgawo wa zamani haukuguswa.

Ombi langu la kwanza liko hapo. Uguseni. Wabunge wengi mmesimama bungeni mkaomba TARURA iongezewe, na bajeti ikapita mgawo ukiwa vilevile. Anzeni na asilimia 40 kwa TARURA katika bajeti ijayo, na pengo la TANROADS lizibwe na Hazina taratibu ili malori yasiumie. Kisha itungwe kanuni ya kugawa ambayo mwananchi anaweza kuisoma: kilomita kiasi gani, milima na mvua kiasi gani, watu wangapi, mazao tani ngapi yanapita. Ipitiwe upya kila baada ya miaka mitatu. Asilimia isibaki ileile kwa sababu tu aliyetangulia aliikuta.

Pia msitusahau sisi wenyewe kama nguvu kazi. Huku Tanga tuna msaragambo. Kengele ikilia Jumamosi, kila kaya inatoa mtu na jembe. Nimebeba mawe kwenye msaragambo nikiwa na mimba, na mama yangu kabla yangu. Tunaloweza kwa mikono tunalifanya. Tusiloweza ni saruji, nondo na mtu wa kutuonyesha kipimo. Kule Kigoma madaraja ya mawe ya upinde yamejengwa kwa gharama ndogo kuliko ya zege, kwa mawe ya palepale na mafundi wa palepale, na TARURA inayafahamu vizuri. Usambara ina mawe mpaka mashambani. Na kwa kuwa Sheria ya Ununuzi inatenga asilimia 30 ya zabuni kwa makundi ya wanawake, vijana, wazee na wenye ulemavu, wapeni kinamama na vijana wa kila kijiji mkataba wa mwaka mzima wa kuzibua mitaro na makalavati ya kilomita zao, walipwe kila mwezi baada ya kukaguliwa. Kikundi kinacholipwa kwa kalavati kuwa wazi hakitangoja lianguke.

La mwisho ni dogo lakini lina maana kubwa kwetu. Kwenye ofisi ya kijiji kuna ubao wa matangazo. Hubandikwa ratiba ya chanjo, majina ya waliochaguliwa kidato cha kwanza, mapato na matumizi ya kijiji. Fedha ya barabara haijawahi kubandikwa pale. Tungependa kila robo mwaka tuone: barabara fulani, kilomita fulani, imetengewa shilingi kadhaa, imepokea kadhaa, mkandarasi ni huyu, kazi ni hii, itaisha tarehe hii. Tungejua ni wakati gani wa kumbana mkandarasi, na ni wakati gani mhandisi wetu kweli hana kitu. Tungeacha pia kumsema vibaya mtu asiyestahili.

Pale kijitoni kwa sasa kuna magogo ya mikaratusi yaliyolazwa na wananchi, na udongo juu yake. Boda zinapita. Kirikuu inapita ikiwa tupu. Ikiwa na mzigo tunashusha, inavuka, tunapakia tena. Mwezi uliopita tulifanya msaragambo Jumamosi tatu mfululizo tukakusanya mawe. Yamepangwa upande wa kulia ukiwa unashuka, safu mbili, kimo cha kiuno, na mzee mmoja aliyewahi kuwa fundi wa mawe amekwisha kuchambua ya kujengea upinde akayaweka peke yake. Vuli kwetu inaanza Oktoba. Tunangoja saruji na mtu wa kupima.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mama muuza mboga,
Milima ya Usambara, Tanga